Magego manne ya Eliécer Pinzón

Saa kumi na mbili unusu asubuhi, moshi wa makapi ya miwa umeshafunika nusu ya mlima wa Loma Rucia. Eliécer Pinzón ameketi juu ya gunia lililokunjwa, mgongo ukutani, jirani na karai la mwisho, lile ambamo maji ya miwa hugeuka kuwa sukari guru. Hana upawa mkononi. Hana kazi aliyopewa. Anatazama tu.

Mapovu yanapanda, yanazidi kuwa mazito, yanapasuka moja moja. Nyuki wanazunguka ukingo wa karai na juu ya kofia za watu. Kijana aliyeshika upawa anamgeukia mwenzake kuuliza kama muda umefika.

"Bado," anasema Eliécer.

Sauti yake ni ndogo na kinu kinanguruma. Hakuna aliyemsikia. Anavuta pumzi, anarudia: "Bado, jamani! Mkiitoa sasa hivi itawanata mikononi kama gundi."

Custodio Rueda, mtu wa moto, anachomoza kichwa kutoka kwenye shimo la tanuru, uso mweusi kwa masizi.

"Nani huyo anaongea? Yule babu kibogoyo?"

"Babu yako."

"Babu yangu alikufa na meno yake yote, bwana."

"Ndiyo maana alikufa."

Watu wanacheka. Eliécer naye anacheka, lakini anaacha kabla ya wengine. Kicheko kinamkata pumzi. Anaweka kiganja kifuani, anafumba macho na kusubiri moyo umpe ruhusa ya kuendelea. Miguu yake, iliyotumbukizwa kwenye ndala za mpira, imevimba hadi mikanda imezama kwenye nyama.

Ana umri wa miaka hamsini na moja. Mgeni anayempita pale ukutani angemkadiria sabini.

Kwa zaidi ya miaka ishirini mtu huyu alikuwa mwonjaji wa kiwanda hiki cha tajiri Saturnino Ariza, ambaye huku huitwa don, yaani bwana. Katika mabonde ya mto Suárez, mwonjaji ndiye mwenye neno la mwisho. Tajiri anaweza kuwa na miwa, nyumbu na fedha, lakini mwonjaji asiposema "toa", karai haliondoki motoni. Akisema mapema, sukari haigandi. Akichelewa, inaungua, na jasho la watu wote linamwagiwa nguruwe.

Macho peke yake hayatoshi kuijua saa hiyo. Mwonjaji huchovya vidole kwenye maji baridi, akachota tone la uji unaochemka, akalizamisha kwenye maji hayo hayo hadi ligande. Kisha hulitia kinywani na kuling'ata kwa magego. Likivutika, bado. Likipasuka kama kioo, tayari.

"Watu wanadhani ni ulimi," anasema Eliécer. "Si ulimi. Ulimi unakwambia tamu, na tamu kila mtu anaijua. Mimi nilikuwa nasikiliza. Linapopasuka, mlio unapita kwenye taya unakuja sikioni kwa ndani. Sasa siusikii tena."

Anazungumza taratibu. Maneno mengine yanamkimbia, anayatafuta kwa vidole hewani, na mkewe Nohemí anamsogezea. Akimaliza anafungua kinywa ili mwandishi wa habari hii aone mwenyewe. Hamna kitu. Fizi mbili tupu, zimekunjamana.

Alizaliwa hapa hapa mlimani. Maziwa ya ng'ombe wa nyumbani yalikuwa ya kuuza, kwa hiyo mama yake aliwalea watoto kwa chupa ya maji ya sukari guru, na mtoto aliyelia alipewa kipande cha muwa anyonye mpaka alale. Meno ya utotoni yalitoka meusi na kudondoka meusi. Hakuna aliyeshtuka, kwa sababu meno ya watoto wa jirani yalikuwa hivyo hivyo.

Akiwa mtoto wa shule alishikwa na homa iliyomvimbisha magoti na vifundo. Bibi yake alimchua kwa mafuta ya nguruwe na majani, akamlaza karibu na jiko, na homa ikaisha. Alirudi kukimbia na wenzake. Hakuna aliyejua kwamba homa ile, ambayo madaktari huiita ya baridi yabisi, ilikuwa imeacha kovu kwenye moyo wake.

Mswaki wa kwanza aliupata jeshini.

"Sajenti alitugawia buti, blanketi na mswaki," anakumbuka. "Nikamnong'oneza mwenzangu, hiki kidogo hivi ni cha kusugulia sehemu gani ya buti? Sajenti akasikia. Nilisugua meno mbele ya kikosi kizima mpaka nikatema damu. Nikajiambia, basi, kumbe mswaki ni adhabu."

Aliporudi nyumbani aliuleta ule mswaki. Ulikaa dirishani hadi nywele zake zikalala pande zote mbili. Mwishowe Nohemí aliuchukua kusafishia cherehani.

Nohemí hafichi kwamba nyumba yao ilikuwa kama nyumba nyingine zote. Huku, jino bovu ni kama mvi, linakuja lenyewe na mtu halionei aibu. Mama yake mzazi aling'olewa meno yote akiwa binti mzima kabisa, juma moja kabla ya harusi, akawekewa ya bandia. Ilikuwa zawadi ya baba yake, ili mume asije akasumbuliwa na gharama ya meno baadaye.

"Na watu walimpongeza," anasema Nohemí. "Alipiga picha ya harusi akicheka. Ndiyo picha pekee ambamo anacheka."

Eliécer alikuwa na sababu yake ya kuyatunza meno, ila hakujua namna ya kuyatunza. Aliyahitaji kwa kazi. Alioa kwa kazi hiyo na akajenga kwa kazi hiyo, kwani mwonjaji hulipwa karibu mara mbili ya mkata miwa. Lakini kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiyala. Kila karai lilimwachia utamu kinywani, na karai likifuata karai usiku na mchana wakati wa zamu ya kusaga miwa, utamu haukuwahi kuondoka.

Fizi zilianza kutoa damu. Alipouma mkate wa mahindi, damu ilibaki kwenye mkate. Ukoga uligeuka mgumu kama saruji nyuma ya meno ya mbele. Kisha gego la kushoto likatoboka na kuanza kuuma.

"Nililitia karafuu, likanyamaza. Likaanza tena, nikalitia pombe kali. Tukanyamaza wote, mimi na lenyewe," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii macho yake yanang'aa kidogo. "Nikahamia upande wa kulia. Upande wa kulia ulikuwa bado mzima, kwa hiyo nikasema, mimi sina tatizo."

Wenzake walikuwa na la kusema. Harufu ya kinywa chake ilitangulia mlangoni.

"Nilikuwa namwambia, Eliécer, funga mdomo, hata nyuki wanahama," anasema Custodio. "Tulikuwa tunacheka. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Angekuwa anaumwa tumbo tungemwambia nenda hospitali. Lakini mdomo? Nani anapelekwa hospitali kwa sababu ya mdomo?"

Nohemí alihamia upande wa pili wa kitanda, akamgeuzia mgongo. Alimwashia mshumaa Mtakatifu Apolonia, anayeombwa na wenye maumivu ya meno, kisha akanunua karafuu zaidi.

Homa ilianza taratibu, jioni jioni. Eliécer alilowanisha shuka kwa jasho na kuamka amechoka kuliko alivyolala. Suruali zilianza kumpwaya. Alikwenda zahanati, akapewa vidonge vya homa ya mbu. Alirudi tena, akaambiwa ni mafua yanayozunguka. Mara ya tatu alionyesha vidole vyake, kwa sababu chini ya kucha kulikuwa na mistari myembamba myekundu, kama vibanzi vilivyochoma kwa ndani. Akaulizwa kama anafanya kazi ya mbao.

Walimpima joto, wakampima presha, wakamtazama macho. Hakuna aliyemwambia afungue kinywa.

Asubuhi ile iliyobadilisha kila kitu alikuwa amesimama pale pale ambapo leo ameketi, mbele ya karai la mwisho. Alionja. Gego la kulia likampa mlio. Akageuka kumwambia Custodio apunguze moto na vijana watoe karai.

Custodio anasimulia huku akitazama chini.

"Akafungua mdomo, akasema kitu kama… 'tapa, tapa, mule'. Nikasema, leo mzee kalewa mapema. Akarudia, 'tapa, tapa', anaonyesha karai, mkono wa kulia umening'inia. Vijana wakaanza kucheka. Mimi nilicheka wa kwanza, na nilikuwa wa mwisho kuacha. Nikamjibu, 'tapa mwenyewe!' Upawa ukaanguka. Yeye analia, machozi kabisa, na sisi tunacheka. Sukari ikaanza kuungua. Ndipo don Saturnino aliposikia harufu akaja mbio. Akamwangalia usoni, mdomo umekwenda upande. Akatutukana sisi wote."

Eliécer anakumbuka kila kitu. "Kichwani nilikuwa nasema vizuri kabisa," anasema. "Nilikuwa nasema, 'Toeni, punguzeni moto.' Nilikuwa najisikia naongea. Halafu naona wanacheka."

Alipelekwa hospitali ya mjini Bucaramanga akiwa amelazwa nyuma ya gari la kubebea miwa, kichwa mapajani mwa mkewe. Kilikuwa kiharusi. Kwa nini mtu wa umri ule, asiyevuta sigara, apate kiharusi akiwa na homa, hilo lilichukua siku kadhaa kujulikana.

Daktari wa moyo aliyemshughulikia, Amparo Villabona, anasema damu ya Eliécer ilipooteshwa maabara ilitoa vijidudu ambavyo makao yake ya kawaida ni kinywani.

"Kila mtu anavyo," anaeleza. "Kinywa kikisafishwa havileti shida. Lakini fizi ikioza inakuwa kidonda kilicho wazi. Kila anapotafuna, vinaingia kwenye damu. Mwenye moyo mzima, mwili unavimaliza njiani. Don Eliécer alikuwa na vali yenye kovu la utotoni. Vikakaa pale na kujenga kichuguu. Kipande cha kichuguu kikakatika, kikapanda kwenye ubongo."

Alikwenda kitandani kwa mgonjwa kumweleza yeye na mkewe kwa maneno hayo hayo.

"Nilidhani anatutukana," anasema Nohemí. "Nikamwambia, daktari, mume wangu kapooza mkono, hawezi kusema jina langu, na wewe unaniambia habari za kupiga mswaki? Akasema, 'Ndiyo, mama. Ugonjwa uliingilia hapa.' Akanyanyua mdomo wa Eliécer kwa kidole chake, akanionyesha. Miaka yote ile nilikuwa nalala naye, sikuwahi kuangalia mle ndani. Niliona usaha. Nikatoka nje nikatapika."

Nohemí mwenyewe ana kisukari. Siku hiyo hiyo daktari alimwambia naye afungue kinywa, akakuta fizi zimejitenga na meno. Alimweleza kwamba sukari inakula fizi, na fizi zikioza zinapandisha sukari, moja inamlisha mwenzake. Nohemí alikwenda kununua mswaki kwenye duka la chini la hospitali. Alisugua kwa hasira hadi sinki ikawa nyekundu.

Eliécer alikaa wodini majuma mengi, dripu ya dawa ikitiririka mkononi. Mkono wa kulia ulianza kurudi. Maneno yalirudi kwa mafungu, ya kwanza yakiwa matusi. Madaktari walikuwa na mpango ulioeleweka: dawa zimalize vijidudu, meno yote yang'olewe kwa sababu hakuna lililokuwa na mzizi mzima, kisha afunguliwe kifua na kuwekewa vali mpya. Kifua hakiwezi kufunguliwa kabla ya kinywa kusafishwa, kwani vali mpya ingeoza kama ya zamani.

Walianza kung'oa. Ya mbele yalitoka kwa vidole tu. Yalipobaki magego manne ya upande wa kulia, mawili juu na mawili chini, Eliécer alishika mkono wa daktari wa meno akakataa.

Nohemí alikuwepo.

"Nikamwambia, Eliécer, una wazimu? Akasema, haya ni ya kazi. Nikamwambia, kazi gani, wewe mgonjwa? Akasema, Nohemí, nikiondoka hapa bila haya mimi ni nani? Nitakwenda kukata miwa na moyo huu? Nitabeba magunia? Nikamwambia, utakuwa hai. Akasema, hai kwa kula nini?"

Daktari Villabona aliitwa. Alimwambia magego yale yamekaa juu ya usaha na ni suala la muda tu. Eliécer hakubisha. Aliomba kitu kimoja, aachiwe hadi zamu ya miwa ya don Saturnino iishe, apate cha kuiachia nyumba, kisha angerudi mwenyewe wamng'oe na kumfungua kifua kwa pamoja. Alikuwa mtu mzima na akili yake ilikuwa timamu. Hawakuweza kumlazimisha.

"Mpaka leo najiuliza kama nilisema kwa nguvu ya kutosha," anasema daktari huyo. "Alikuwa na nafasi. Wakati ule moyo wake ulikuwa bado unaweza."

Alirudi Loma Rucia kabla ya misa ya Jumapili ya Matawi. Wenzake walimpokea kwa supu ya utumbo na mahindi, na hakuna aliyetaja meno. Alianza kazi siku ya pili. Hakuweza kuinua upawa, hivyo kijana alimshikia, lakini alionja mwenyewe. Alipiga mswaki asubuhi na jioni kama alivyoagizwa, akayasugua yale manne utadhani anasafisha vikombe vya kanisani. Kilichooza kilikuwa chini, mswaki usikofika.

"Ule ulikuwa mwezi mzuri kuliko yote niliyowahi kufanya kazi," anasema Eliécer. "Hakuna karai hata moja lililoharibika. Muulize don Saturnino. Mnunuzi wa mjini Barbosa alikuja hapa mwenyewe kuuliza nani ameionja sukari hii."

Don Saturnino anathibitisha. Anaongeza, bila kuulizwa, kwamba angejua angemfukuza kwa fimbo arudi Bucaramanga. Kisha anakiri kwamba alijua. "Nohemí aliniambia. Lakini miwa ilikuwa imeshakatwa, na muwa uliokatwa hausubiri mtu."

Homa ilirudi kabla zamu haijaisha. Safari hii haikuja peke yake. Alishindwa kulala chali. Alikaa kitandani akiegemea ukuta, akipumua kama aliyepanda mlima. Miguu ikajaa maji. Aliporudishwa hospitali, vijidudu vilikuwa vimeirarua vali. Yale magego yalitolewa siku hiyo hiyo kwa sindano ya ganzi tu, kwa kuwa moyo wake usingestahimili kulazwa usingizi.

Dawa ziliokoa maisha yake kwa mara ya pili. Lakini madaktari wa upasuaji walipokaa na picha za moyo wake, waliona umepanuka na kulegea. Wakamwambia hatatoka hai kwenye meza ya upasuaji. Hakuna vali atakayowekewa. Atakunywa vidonge vya kupunguza maji mwilini hadi vitakapoacha kufanya kazi.

"Nilimwuliza daktari, amebakiza muda gani?" anasema Nohemí. "Akasema, mama, kila Krismasi mtakayoiona mshukuruni Mungu. Tumeona moja."

Anasema hayo jikoni, akitwanga nyama kavu kwenye kinu cha mawe. Nyama ya ng'ombe iliyoanikwa juani, chakula alichokipenda mumewe kuliko vyote, sasa anaitwanga hadi iwe unga na kuikoroga kwenye mchuzi. Eliécer huinywa akitazama pembeni.

"Watu wanataka niseme simlaumu," anaendelea Nohemí. "Nikisema hivyo nitakuwa nadanganya. Namlaumu kila siku. Kwa magego manne! Halafu usiku akianza kutafuta pumzi, namwinua, namshika mgongo, na ile lawama sijui inakwenda wapi. Asubuhi inarudi."

Unaweza kudhani yaliyompata Eliécer yamewaamsha watu wa mlimani. Hayakuwaamsha.

Maryory Galvis, daktari wa meno kijana anayetumikia mwaka wake wa lazima wa kazi vijijini, hufika katika zahanati ya bondeni kila Alhamisi. Ana kiti kizuri na taa nzuri. Mashine ya kutoboa na kuziba meno iliharibika kabla hajafika, na barua zake za kuomba fundi hazijajibiwa.

"Nilisoma miaka yote ile nijifunze kuokoa meno," anasema. "Hapa kilichobaki ni koleo. Wananiita 'daktari koleo', hata watoto. Na wanakuja uso ukiwa umeshavimba. Nawaambia, huu si mdomo tu, ni mwili wenu. Nawatajia Eliécer. Wanasikitika sana, wanasema maskini Eliécer. Halafu wanakwenda zao."

Kampeni ya manispaa ilipita shuleni na kugawa miswaki. Mwandishi aliiona michache, imechomekwa kwenye kuta za udongo, inatundikiwa kofia.

Aliye na hali mbaya kuliko wote, kwa mujibu wa daktari huyo, ni Custodio Rueda. Ana gego la chini lililooza hadi kwenye mfupa, na taya lake la kushoto limeanza kuvimba. Daktari amempangia nafasi zaidi ya mara moja. Hajaenda.

Pale kiwandani Custodio anaulizwa kwa nini. Anajikuna shingo.

"Mimi moyo wangu mzima, bwana. Huyu alikuwa na kovu tangu utotoni, daktari kasema mwenyewe."

"Wewe umepimwa lini moyo?" Eliécer anamkatiza kutoka pale ukutani.

"Sijapimwa kwa sababu hauumi."

"Na wangu uliuma lini?"

Custodio anasukuma makapi kwenye tanuru kwa uma mrefu. Kisha anasema, kwa sauti ya chini, "Naogopa koleo, Eliécer. Umefurahi sasa? Mwanamume mzima naogopa koleo."

"Nitakwenda na wewe. Nitakushika mkono."

"Watu watacheka."

"Wacheke. Si tulizoea?"

Custodio anaacha kusukuma makapi. Anamtazama rafiki yake, kisha anasema sawa, Alhamisi. Anaapa kwa Mama Bikira, Alhamisi.

Alhamisi inafika na mvua nyembamba. Eliécer ameshuka mlimani juu ya nyumbu wa don Saturnino, Nohemí akiongoza kamba, na wamepumzika njiani mara nyingi kuliko walivyotembea. Ameketi kwenye benchi la zahanati, kofia magotini, midomo ya bluu. Amemchukulia Custodio nafasi ya kwanza, kabla ya wote, ili asipate muda wa kuwaza.

Mama mwenye mtoto aliyevimba shavu anaingia, anatoka. Mzee anaingia, anatoka na pamba mdomoni. Kila mlango wa nje unapogusa ukuta Eliécer anainua kichwa.

"Hatakuja," anasema Nohemí.

"Atakuja. Ameapa."

"Wanasaga leo. Moshi huo hapo, si unauona?"

Eliécer anageuka, anautazama moshi juu ya mlima.

Karibu na adhuhuri daktari Galvis anatoka akivua glavu. Benchi limebaki na watu wawili. Anajua wanamsubiri nani, kwa sababu asubuhi alimpigia simu don Saturnino, naye akamwambia Custodio yuko kwenye tanuru, uso umefungwa kwa kitambaa na taya limejaa, na amekataa kuondoka.

Anakaa kando ya Eliécer. Anamshika kifundo cha mkono, anahesabu mapigo kimya kimya, uso wake unabadilika. Anamwuliza kama vidonge vimeongezwa. Anasema mdomo huo wa bluu haumpendezi, afadhali apelekwe Bucaramanga leo hii, gari linaweza kutafutwa.

"Wiki ijayo unakuja?" anauliza Eliécer.

"Nakuja. Lakini, don Eliécer, mimi nakuzungumzia wewe."

"Habari zangu tulishazimaliza, daktari. Niandikie Custodio. Alhamisi, wa kwanza. Safari hii sitamsubiri hapa, nitapitia kwake alfajiri nimtoe kitandani."

Nohemí anamtazama mumewe, anatazama njia inayopanda. Anaokota kamba ya nyumbu.

Daktari Galvis anasimama, anarudi ndani, analiandika jina la Custodio.